Karibu Chumba cha Habari, Dada: Mwongozo kwa Asiyejua Pa Kukanyaga

Hongera kwa kazi mpya. Umemaliza chuo, umefanya mafunzo kwa vitendo kwa nauli ya mama yako, na sasa una kitambulisho chenye kamba shingoni na meza mnayoigawana watu watatu. Mwongozo huu unahusu vyumba vya habari vya Dar es Salaam, viwe vya gazeti, redio au televisheni. Ukiwa Nairobi, Kampala au Unguja, badilisha majina ya barabara na vifungu vya sheria tu; mengine yatakufaa kama yalivyo.

Kwanza toa hofu. Kwenye semina umesikia kwamba wanawake huzuiwa kupanda vyeo. Hapa hakuna atakayekuzuia. Hakuna waraka unaosema mwanamke asiwe mhariri mtendaji, na ukipita korido nzima hutaona mlango ulioandikwa "wanaume tu" isipokuwa choo, ambacho ndicho chenye komeo linalofunga. Kitakachokupata ni chepesi zaidi ya kuzuiwa: utahurumiwa. Utahurumiwa asubuhi na usiku, ukiwa na mimba na ukitoka likizo, na kila huruma itakupunguzia kazi moja. Siku ya kupandishwa cheo utaulizwa kazi hizohizo umezifanya lini.

Kikao cha asubuhi

Kikao huanza saa tatu. Meza ina viti vinane, na kila kiti kina mwenyewe ingawa hakuna kilichoandikwa jina. Wewe simama karibu na mtungi wa maji, wanaposimama akina dada wenzako na vijana wa mafunzo. Mhariri wa habari atafungua kaunta buku lake lenye jalada jeusi, atalamba kidole, ataanza kugawa kazi. Kesi ya uhujumu uchumi Mahakama ya Kisutu, kijana. Ziara ya Waziri Mkuu Rukwa, siku tano, kijana mwingine. Ukinyoosha mkono atakutazama kwa upole wa mzazi: "Rukwa mbali, mama. Vumbi lile, gesti zile, mwenzangu utaziweza? Wewe nimekuwekea kitu kizuri." Kitu kizuri ni ugawaji wa taulo za kike kwenye shule ya sekondari Mbagala, saa nne, kuna soda. Kisha atakuomba uandike muhtasari wa kikao, maana mwandiko wako unasomeka.

Taulo za kike si habari ya kudharau. Binti anayekosa shule kila mwezi ni habari kubwa kuliko hotuba nyingi. Lakini elewa kinachopatikana Rukwa mbali na vumbi. Kwenye msafara ndiko mwandishi anakopata namba ya msaidizi wa waziri, anakojua nani kanuniana na nani, anakolipwa posho ya kujikimu. Miaka mitano ikipita, kijana yule ana simu iliyojaa wakubwa na wewe una kabati lililojaa fulana za kampeni. Nafasi ya mhariri wa siasa ikitangazwa, sifa ya kwanza itakuwa uzoefu wa kuripoti siasa, na hapo hakuna aliyekuonea. Ni sifa tu.

Wewe utabaki dawati la afya, elimu, wanawake na watoto, linaloitwa la habari laini. Jina hilo lisikuchanganye. Mwaka 2020 dawati hilo lilibeba stori ngumu kuliko zote nchini: corona iliingia Machi, na kufikia Mei takwimu za wagonjwa zikasimama kwenye 509, zisitolewe nyingine kwa zaidi ya mwaka mmoja. Siku hizo kumuuliza daktari swali moja getini kwa hospitali kulitaka moyo kuliko kufuata misafara mitano. Upepo ulipotulia, afya ikaendelea kuitwa habari laini.

Zamu ya usiku

Ukurasa wa mbele hutengenezwa usiku. Ndipo kichwa cha habari hubishaniwa, ndipo waziri hupiga simu kuomba stori ing'olewe, ndipo mhariri msaidizi hujifunza kuwa mhariri. Kwa hiyo usiku utahurumiwa kuliko wakati mwingine wowote. "Wewe una mtoto, wahi nyumbani." Ukisema huna mtoto, utaambiwa una mume. Ukisema huna mume, utaambiwa ndiyo maana, usije ukamkosa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumpa kazi ya usiku mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua, na inamlinda pia mama aliyetoka kujifungua. Bosi wako ni mkarimu kuliko Bunge: ulinzi huo ameurefusha mpaka utakapostaafu.

Ukiishikilia zamu kwa nguvu, utakutana na gari la ofisi. Huondoka toleo la kwanza likishaenda mtamboni. Linaanza Mbezi Beach kwa sababu ndiko wanakoishi wakubwa, linazunguka Sinza na Tabata, na wewe wa Gongo la Mboto unashushwa wa mwisho, barabarani, maana dereva anasema mtaani kwenu kuna mashimo. Ukiogopa, utapanda bodaboda kwa pesa yako. Kesho yake kikaoni utasikia: "Mnaona? Ndiyo maana tunawahurumia." Hakuna atakayependekeza gari la pili, wala kubadilisha njia ya hilo moja. Huruma ni rahisi kuliko dizeli.

Baada ya kazi

Kuna kikao kingine kisichoandikwa kwenye ratiba. Hufanyika baa ya jirani kuanzia saa moja jioni, mezani kuna supu ya kongoro na chupa zisizohesabika. Hapo ndipo inapoamuliwa nani aende Dodoma bajeti ikianza, nani apelekwe kozi ya nje, na mhariri wa michezo akiondoka nani ashike. Asubuhi huletwa kikaoni kama wazo lililozaliwa pale pale.

Una njia mbili. Ukienda, wewe ni mhuni, na mke wa mhariri, yule usiyemjua, atalipata jina lako kabla ya saa sita mchana. Usipoenda, huna ushirikiano. Utaliona neno hilo kwenye fomu yako ya tathmini, chini ya "mahusiano na wenzako". Wengine hujaribu njia ya tatu, ya kwenda, kunywa soda moja na kuondoka saa mbili. Hao huitwa wanaoringa.

Ikitokea ukapata stori kubwa bila baa, jiandae kwa swali moja: "Kaipataje?" Mwanamume akipata waraka wa siri ana vyanzo. Mwanamke akiupata, vyanzo ndivyo vimempata.

Mvungu na wenyewe

Usishangae kusikia methali nyingi. "Subira yavuta heri" hutolewa ukiuliza mkataba. "Mvumilivu hula mbivu" hutolewa ukiuliza mshahara. Ya kuogopa ni "mtaka cha mvunguni sharti ainame", kwa sababu huja ikiambatana na mlango wa ofisi kufungwa, au na ujumbe wa saa nne usiku unaoanza na "umelala?". Anayeitoa anaweza kuwa bosi mwenye uwezo wa kukuajiri. Anaweza kuwa chanzo, mkubwa fulani anayesema nyaraka anazo, ila hawezi kuzileta mjini, uzifuate hotelini, uje peke yako.

Ukiripoti, mwongozo wa wenyeji ni huu: utaulizwa ulivaa nini, kisha utahurumiwa. Utahamishwa dawati "ili usimwone-mwone", na yeye atabaki palepale kwenye kiyoyozi chake. Huko ulikohamishiwa hakuna stori za ukurasa wa mbele, lakini kuna amani.

Ni adabu mbaya kutaja sheria ukiwa mgeni, kwa hiyo tunakunong'oneza. Kudai ngono kama sharti la ajira, cheo au haki yoyote ni rushwa, imeandikwa kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na malalamiko yake hupelekwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Waandishi hukiandika kifungu hicho vizuri sana chuo kikuu fulani kikipata kashfa. Ndani ya chumba cha habari husahaulika, kama vile wahadhiri ndio pekee wenye mvungu.

Mimba, maziwa na mkataba

Sheria inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba hupewa tatu, na wenzako watamcheka akizimaliza. Ukirudi una haki ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Sheria haikusema wapi. Utaonyeshwa stoo ya magazeti ya zamani. Utakaa juu ya rundo la matoleo ya mwaka juzi, pampu mkononi, mgongo ukiuzuia mlango kwa kuwa hauna komeo, na vumbi la karatasi likikuwasha pua. Nje mtu atagonga akitafuta nakala ya Juni. Utasema "subiri", naye atawaambia wenzake kwamba tangu ujifungue hupatikani.

Ukirudi utakuta dawati lako lina mtu. Walikuhurumia, hawakutaka urudie presha mapema.

Haya yote ni kwa mwenye mkataba. Wengi wenu hamna. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa stori iliyotoka, na stori isiyotoka haina bei hata kama ilikula nauli siku mbili. Kwake siku 84 ni siku 84 bila stori, yaani bila pesa. Ndiyo maana utawaona wenzako wakifuata mkutano wa waandishi wakiwa na mimba ya miezi minane, na wiki chache baadaye wakiwa wamefunga mtoto mgongoni, wamesimama nyuma ya kamera wakingoja bahasha ya nauli. Tukiitwa kwenye kongamano la maadili tutaambiwa bahasha inaua taaluma. Ni kweli. Ila anayetuambia ana mkataba, bima na gari la ofisi.

Kwenye kioo

Televisheni ina njia fupi kwa mwanamke, na ufupi wake ni huo: inaisha haraka. Ukiwa na miaka 24 wewe ni sura ya kituo. Ukifika 40 utaambiwa upumzike kidogo, uwalee wadogo. Mwenzako wa kiume mliyeanza naye ataota mvi akisoma taarifa ya saa mbili usiku, na mvi zile zitaitwa busara. Zako zitapelekwa redioni kusoma matangazo ya vifo.

Mtandaoni mgao ni huohuo. Mwanamume akikosea takwimu, ataambiwa amekosea takwimu. Ukikosea wewe, utaulizwa kama umeolewa, picha zako za chuo zitafukuliwa, na mtu mwenye bendera kwenye jina lake atakueleza atakachokufanya akikukuta njiani. Utafiti wa UNESCO na kituo cha kimataifa cha waandishi, ICFJ, uliofanyika 2020, ulikuta asilimia 73 ya waandishi wanawake waliohojiwa wamepata ukatili wa mtandaoni. Ushauri wa ofisi utakuwa ufunge akaunti. Wanakuhurumia. Akaunti ikifungwa na wafuasi wakiondoka, programu ya mjadala atapewa mwenye wafuasi.

Machi 8

Siku hii ya Wanawake Duniani usikose. Utapimiwa kitenge sare na wenzako, ingawa kushona utalipa mwenyewe. Kutakuwa na keki, mhariri mtendaji atasema bila mama yake asingefika alipo, na kwa siku moja wanawake wataachiwa gazeti zima walihariri peke yao. Mtalihariri vizuri. Tarehe 9 kaunta buku jeusi litarudi mezani, na mtarudi kwenye mtungi wa maji.

Siku hiyo wataalamu wa kike watatafutwa kama mvua ya vuli. Siku nyingine mchumi, mwanasheria na mchambuzi ni yuleyule wa jana, kwa sababu namba yake ipo na hupokea simu. Tangu 1995 kuna mradi wa dunia nzima unaohesabu nani anasikika kwenye habari, kila baada ya miaka mitano. Mwaka ule wa kwanza wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaosomwa, kusikika au kuonekana. Ulikuwa mwaka wa mkutano wa Beijing, aliousimamia Mtanzania mwenzetu Gertrude Mongella, na azimio lake lilikuwa na sehemu nzima kuhusu wanawake na vyombo vya habari. Mwaka 2020 walifika asilimia 25. Ukipiga hesabu, pointi nane kwa miaka 25, nusu kwa nusu tutaifikia 2098. Weka akiba ya kitambaa cha kitenge.

Ukifika juu kwa bahati mbaya

Ikitokea ukapanda, utapanda kwa kukaimu. Mhariri ataondoka ghafla, na wewe utaombwa ushikilie kidogo. Utashikilia simu za usiku, kesi za madai, vijana wasiolipwa na mtambo uliokwama, kwa mshahara wako uleule, huku ofisi ikitafuta mtu. Mtu akipatikana utamfundisha kazi. Wapo pia wanaothibitishwa kabisa, hasa kampuni ikiwa imeshindwa kulipa mishahara miezi kadhaa na wanaume wote wenye akili wamekikwepa kiti. Gazeti likifa mikononi mwako, itasemwa walijaribu mwanamke.

Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford ilihesabu mwaka 2024 katika masoko 12 ya habari, Kenya na Afrika Kusini zikiwamo: kwa wastani wanawake ni asilimia 40 ya waandishi, lakini ni asilimia 24 tu ya wahariri wakuu. Kwa hiyo usidhani huruma ni utamaduni wetu wa Pwani. Na London ipo, ila kule hawasemi "mama".

Watu wa kuepuka

Mwongozo wowote wenye huruma ungekuonya dhidi ya kundi moja. Mwaka 1987 waandishi wanawake wakiwamo Fatma Alloo, Edda Sanga na Leila Sheikh walianzisha TAMWA, chama cha wanahabari wanawake. Walikuwa wamechoka kusimama kwenye mtungi, hivyo wakatafuta meza yao. Walitoa jarida, wakaliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri wakati wengi waliona mwanamke hana la kuimba mbele za watu. Hawakuishia kwenye jarida. Walikuwa mstari wa mbele kushinikiza sheria ya makosa ya kujamiiana, iliyopita 1998. Tazama ubaya wao: waliichukua habari laini, wakaiandika kwa ukali, ikageuka sheria ya nchi.

Wengine wa kuwaangalia kwa makini ni dada zako wakubwa wawili watatu waliopenya peke yao. Baadhi watakushika mkono. Baadhi watakuambia "sisi tulivumilia", kwa sauti ya mtu anayedai risiti. Wasamehe, lakini usiwafuate. Walichovumilia wao ndicho kimekungoja hapa kikiwa kizima.

Maelekezo ya mwisho

Sasa kaa karibu. Ukizipanga huruma zote ulizosoma, utaona zina tabia moja: zote ni za mdomo. Hakuna iliyoandikwa popote. Kaunta buku huandikwa nani kaenda Rukwa, haliandikwi nani aliomba akanyimwa. Fomu ya tathmini ina "ushirikiano", haina jina la baa. Kwa hiyo mwaka ukiisha, kwenye faili utaonekana mtu ambaye hakuwahi kutaka kitu.

Omba Rukwa kwa barua pepe. Omba zamu ya usiku na gari la kukurudisha, kwa barua pepe. Omba kuandikiwa vigezo vya kuwa mhariri, na uulize nafasi unayoikaimu ina posho gani na inaisha lini. Muwe wawili au watatu kwenye barua moja, kwa sababu mmoja ni mkorofi na watatu ni ajenda ya kikao. Nakala iende kwa ofisa utumishi, nyingine ibaki kwenye simu yako.

Bosi atakuita ofisini. Acha mlango wazi, msikilize mpaka mwisho, atakueleza kwa upole jinsi anavyokujali na jinsi barabara ile ilivyo mbaya. Mshukuru kwa dhati, kisha mwombe akuandikie hayo hayo kwa kujibu barua yako, aseme umekosa safari kwa kuwa wewe ni mwanamke na amekuonea huruma. Utashangaa barabara ya Rukwa inavyotengemaa kabla ya saa kumi jioni.